Otilia Zamudio na Taji la Sukari

Wakuu wa afya wa jimbo letu wametangaza, kwa herufi za buluu na muhuri wenye tai, kwamba mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake kabla ya kula iko kati ya themanini na mia moja thelathini "hujisikia mtulivu, mwenye nguvu na furaha." Tangazo hilo limebandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya cha Paso del Trapiche, juu ya mzani, chini kidogo ya saa iliyosimama. Kando ya maneno kuna picha ya mama mwenye mvi anayetabasamu huku ameshika tufaha. Kwetu tufaha huonekana Krismasi tu, lakini hilo si kosa la mama wa watu.

Mji wetu huu wa Meksiko upo kwa sababu ya kiwanda cha sukari. King'ora chake ndicho kinachotuamsha, masizi yake ndiyo yanayodondokea nguo tulizoanika, na wafanyakazi wake, wakishazeeka, huhamia kwa utaratibu mzuri kutoka foleni ya mishahara hadi foleni ya kituo cha afya. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wagonjwa wa sukari tunakutana uani pa kituo. Tunapimwa uzito, tunatobolewa kidole, na nesi Yesenia anaandika namba ya kila mmoja kwa chaki ubaoni, mbele ya wote. Wakubwa walisema ubao huo utajenga moyo wa kusaidiana. Umejenga mengine.

Tarehe kumi na nne ya Novemba, siku ya kisukari duniani, kikundi humtawaza malkia na mfalme: mwanamke mmoja na mwanamume mmoja walioshika sukari yao vizuri kuliko wenzao. Zamani ilitumika namba ya siku hiyohiyo, mpaka ikagundulika kwamba watu hushinda na njaa siku tatu kabla ya kupimwa na kuja wamelegea kama mchicha uliochemshwa. Siku hizi hutumika kipimo cha damu kinachosema habari za miezi mitatu, ambacho hakijali mtu alikula nini jana, na ambacho namba yake ikiwa chini ya saba ni sifa. Malkia hupewa taji la bati na mashine ndogo ya kupimia sukari, mali ya kikundi, akae nayo nyumbani mwaka mzima. Kisha yeye na mfalme hufungua dansi. Ni danzón, dansi ya taratibu ambayo mwanamume humshika mwanamke kiuno na kumzungusha mahali padogo kama kigae kimoja cha sakafu. Nyimbo tatu za kwanza ni zao peke yao.

Kwa miaka miwili mfululizo mfalme alikuwa don Fidencio Barradas, aliyepima miwa kwenye mzani wa kiwanda kwa miaka thelathini na minne. Kwa miaka hiyohiyo miwili malkia alikuwa doña Casimira Lagunes, mjane, mwenye jino moja la dhahabu mbele na kicheko cha kulionyesha. Mke wa don Fidencio, doña Otilia Zamudio, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, safu ya tatu, na sukari yake ya mia mbili themanini na saba, akimshikia mumewe kofia.

Mtu asiyejua angesema kofia si kitu kizito.

Tena Casimira hakuwa mtu wa mbali. Alimsimamia binti wa kwanza wa Otilia kwenye ubatizo, na tangu siku hiyo wakaitana komadre, neno ambalo kwetu linamfunga mtu kuliko udugu. Adui wa kawaida unaweza kumnunia. Komadre unampelekea maharagwe.

Nyumbani goti la don Fidencio lilikuwa halimruhusu hata kwenda kufunga banda la kuku. Novemba goti lilipona.

"Naona goti limepoa," Otilia alimwambia mwaka ule wa pili, walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Kule si kucheza, mama. Ule ni wajibu wa kikundi."

"Na kumnong'oneza sikioni?"

"Nilikuwa namhesabia hatua."

"Hatua gani hizo za kumchekesha mtu mpaka jino linaonekana?"

Don Fidencio alivaa kofia yake na kuanza kuchechemea.

Januari iliyofuata Otilia alimwendea nesi Yesenia, msichana mwenye subira aliyeletwa kwetu kutoka bandarini, akamwambia, "Nesi, nataka kushuka."

"Kushuka wapi, mama Otilia?"

"Kutoka hapa." Akaonyesha jina lake ubaoni, mia tatu na kumi. "Mpaka pale." Pale palikuwa na jina la Casimira, tisini na nane.

Nesi alifurahi. Kwa miaka tisa Otilia alikuwa akipokea vidonge na ushauri kwa adabu ileile, na kutumia vidonge tu, mara mojamoja. Alipewa dawa mpya, akaelezwa habari ya chapati za mahindi, mbili badala ya sita, na kutembea, na kula kwa saa zake. "Lakini polepole," nesi alisema. "Mwili una mazoea yake." Otilia alisikia yote isipokuwa neno hilo moja.

Kazi yake ilikuwa kuuza kahawa na mikate mitamu kwenye lango la kiwanda tangu saa kumi na moja alfajiri. Mikate aliioka mwenyewe, ya mviringo, yenye ganda la sukari lililochorwa mistari kama kombe la baharini, na kila asubuhi alijiwekea miwili. Sasa akaacha yote kwa siku moja. Akaacha na soda. Akawa anakunywa maji ya majani ya dungusi yaliyotolewa miiba, ya kijani na ya kunata, huku amefumba macho. Jioni aliuzunguka uwanja wa mpira mara nane, kwa mwendo wa mtu anayemfuata mwizi. Don Fidencio, aliyekuwa akimwangalia kutoka barazani, alisema anajiua. Akasema hivyo akiwa anatafuna mkate, kwa kuwa ile miwili ya mkewe ilikuwa ikibaki kila siku, na yeye alilelewa na mama asiyependa chakula kitupwe.

Wiki ya tatu, pale langoni, mkono wa Otilia ulianza kutetemeka akimimina kahawa, na kahawa ikaishia kwenye kiatu cha mlinzi. Jasho likamtoka mgongoni. Moyo ukaenda mbio, midomo ikafa ganzi, na njaa ikamshika hivi kwamba alilitazama sinia lake mwenyewe kama mtu mwenye nia mbaya.

Miaka tisa alikuwa ameishi na mia tatu bila kutetemeka hata siku moja. Jambo hilo lilihitaji maelezo, na kwetu maelezo yapo tayari. Mtu anayetetemeka bila homa ameshtushwa, au ameonewa wivu. Wivu ukiwa mkubwa hutoka kwa mwenyewe na kumwingia anayeonewa, kama mafua.

Akaenda kwa doña Brígida, mganga wa nyuma ya kanisa, akafagiliwa mwili mzima kwa yai na fungu la mrehani. Yai likapasuliwa ndani ya glasi ya maji. Doña Brígida aliinua glasi dirishani, akaigeuzageuza.

"Jicho la mtu," alisema. "Mtu anayeingia kwako bila kupiga hodi. Naona na kitu kinang'aa."

"Kama jino?"

"Unaweza kusema hivyo."

Katika mji wetu kuna meno ya dhahabu yasiyopungua mia mbili, lakini Otilia alihitaji moja tu. Dawa ilikuwa ile ambayo kila bibi wa Kimeksiko anaijua: mshtuko hutibiwa kwa mkate. Ale mkate upesi, kila akianza kutetemeka, na kwa hali yake anywe na soda, roho irudi mahali pake.

Roho ilirudi ndani ya robo saa. Ilirudi kila mara. Akitetemeka Jumanne, mkate. Akitetemeka Jumatano, mkate na soda. Na kila alipopoa alizidi kuwa na hakika juu ya Casimira, maana dawa isingefanya kazi kama ugonjwa si huo. Mimi nimesoma vitabu vingi vya watu waliothibitisha mambo kwa ushahidi mchache kuliko huu.

Mwezi wa Aprili nesi aliandika ubaoni: Otilia, mia mbili sitini na mbili. Casimira, mia na moja.

"Usijali, komadre," Casimira alisema, akimpapasa bega. "Mwaka bado mrefu."

"Mrefu kwa nani?" Otilia alijibu, na siku ile hakuna maharagwe yaliyopelekwa popote.

Mkutano wa Mei ulikuwa wa kupimwa kabla ya kula, na wiki ile nzima Otilia alikuwa amekaza meno: dawa zote, dungusi asubuhi na jioni, wala hakugusa mkate, hata alipotetemeka. Alitaka namba. Saa mbili hivi, akiwa kwenye foleni, jasho likaanza. Casimira alikuwa mtu wa pili nyuma yake. Alimwona, akaenda kumletea kiti.

"Kaa, komadre, umekuwa mweupe."

"Kiti chako kalia mwenyewe."

"Utaanguka."

"Si ndicho unachotaka?" Otilia aligeuka. Foleni nzima ilinyamaza, kitu ambacho nesi Yesenia alikuwa akikiomba tangu saa moja. "Niondolee jicho lako, Casimira! Tangu Januari natetemeka kama jani. Nimefagiliwa mara nne. Mayai manne, na yote yamekutaja wewe!"

"Mayai?"

"Kwa Brígida!"

Casimira akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akalie kile kiti alichokileta.

"Kwa Brígida," alisema, akijifuta macho. "Miaka mitatu iliyopita, nilipoanza dawa na sukari yangu kushuka, nilitetemeka mwezi mzima. Nikaenda kwa Brígida. Mayai matano, komadre. Unajua yalimtaja nani? Mwanamke mwenye kigoda, anayekaa kwenye lango kubwa."

Watu wote walimgeukia Otilia, mwenye kigoda cha langoni.

"Mimi nikuonee wivu wewe?" Otilia alisema. Lakini alisema chinichini, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Na mimi nilikuonea. Mimi nikirudi nyumbani napokelewa na kasuku. Wewe una mwanamume barazani."

"Mwanamume mwenyewe huyo, wa kutafuna mikate?"

"Anatafuna, lakini yupo. Mimi nashikwa kiuno mara moja kwa mwaka, nyimbo tatu, na hapo mpaka nile majani miezi kumi na miwili."

Don Fidencio, aliyekuwa kwenye foleni ya wanaume, alikuta kitu cha kusoma kwenye kadi yake ya kliniki.

Nesi Yesenia alikuja na sindano yake, akamtoboa Otilia kidole palepale. Mikono ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba ilibidi Casimira amshikie kiwiko. Mashine ikalia.

"Mia moja na kumi na mbili," nesi alisema.

"Si kweli. Nakufa."

"Hufi, mama. Mtu akishuka sana, chini ya sabini, hapo ni hatari, apewe kitu kitamu mara moja. Wewe hujashuka huko. Umefika ulikotaka kufika, ila mwili hauna habari. Miaka tisa umeulisha mia tatu. Leo unauonyesha mia na kumi, nao unadhani ni njaa kuu, unapiga kelele. Mkate ukiingia, kelele inanyamaza, na mwili haujifunzi kitu." Akanyoosha kidole. "Na umeshuka mbio. Nilisema polepole."

"Hukusema."

"Nilisema," nesi alijibu, "na utatetemeka wiki kadhaa bado, halafu itaisha. Kuanzia leo ule kwa saa zako, usikae na njaa. Ukianza kutetemeka, pima kwanza. Ikiwa chini ya sabini, kunywa kitu kitamu. Ikiwa juu, kaa chini, kula maharagwe kidogo, subiri."

"Nipime na nini? Mashine iko kwa malkia."

Mashine ilikuwa kwa malkia.

Hivyo Juni nzima mji ulimwona Otilia Zamudio akivuka barabara ya kiwanda, wakati mwingine mara mbili kwa siku, jasho likimtiririka, kwenda kugonga mlango wa mwanamke anayecheza na mumewe, ili amtoboe kidole. Mara ya kwanza alisimama kizingitini na kunyoosha mkono bila salamu.

"Mia na nane," Casimira alisema. "Kaa."

"Nakaa kwa ajili ya nesi. Si kwa ajili yako."

"Kaa kwa ajili ya kasuku ukitaka."

Alikaa. Alipewa kijiko cha maharagwe meusi na chapati moja, akatazama saa. Ilichukua dakika arobaini. Siku nyingine ilichukua thelathini. Siku moja tu, aliporuka chakula cha mchana kwa sababu ya msiba, mashine ilisema sitini na sita, na Casimira alimimina juisi ya chungwa kwa haraka hivi kwamba nusu ilimwagikia paka. Walipima tena na tena mpaka ikapanda. Baadaye Otilia aliuliza:

"Huogopi? Mimi nikipona, wewe unakosa dansi yako."

"Naogopa sana."

"Ungeniongopea tu namba."

"Nilishafikiria. Tarakimu zake kubwa mno, hata wewe na macho yako ungeziona." Casimira alikuwa akifuta mashine kwa pamba. "Tena ungekufa, ningelazimika kuja kulia, na huyo Fidencio wako angeniegemea begani. Mji huu ungesema nini?"

"Ungesema goti lake limepona."

Walicheka pamoja, kila mmoja akiwa na sababu zake. Kupendana tena hakukumpunguzia Otilia wivu. Alirudi nyumbani na uleule, ila sasa ulikuwa na anwani na ulimkaribisha kahawa isiyo na sukari.

Kufikia katikati ya Julai kutetemeka kulikuwa kumebaki kwenye vidole tu. Mwezi wa Agosti alimimina kahawa langoni akiwa na mia na tano mwilini, asijue mpaka alipopima jioni. Alijitazama mikono kama mtu aliyesikia redio ya jirani imezimwa. Kitu kimoja kilimkosesha raha: kumbe alikuwa na usingizi mzuri na macho yasiyo na ukungu, kwa hiyo sasa alimwona mumewe vizuri zaidi akimsalimu Casimira.

Kilichokuwa kikiendelea barazani hakikumshughulisha mtu. Mikate miwili kila asubuhi, tangu Januari, isipokuwa Februari mpaka Aprili, mkewe alipokuwa akiila kama dawa na ikagawanywa kwa haki. Don Fidencio alijiamini; alikuwa mfalme, na mfalme hujua mwili wake. Siku tatu kabla ya kila mkutano alikula majani, ubao ukasema mia na ishirini, na kila mtu akampa mkono. Damu ya miezi mitatu ilichukuliwa Septemba na kupelekwa maabara ya jimbo. Majibu hukaa kwenye bahasha mpaka siku yenyewe.

Novemba kumi na nne bendi ya marimba ilikuja na watu wanne badala ya sita. Wafanyakazi wa kituo walilitoa ndani lile tangazo la buluu la utulivu, nguvu na furaha na kulitundika ukutani mwa ua, ili lionekane kwenye picha za wageni kutoka makao makuu ya jimbo. Otilia alikuwa ameshona gauni la rangi ya komamanga. Alikuwa amelificha kwa Casimira na kulivalia hukohuko, kwa sababu nyumbani lingeulizwa. Safu ya tatu alikaa akiwa ameibana mikono yote miwili chini ya mapaja. Kofia ya don Fidencio ilikuwa mapajani mwake, kwa mazoea.

Nesi Yesenia alifungua bahasha ya wanawake.

"Malkia, kwa kipimo cha miezi mitatu, sita nukta saba: doña Otilia Zamudio."

Wa pili alikuwa Casimira, sita nukta nane. Alisimama kabla ya wote, akavua taji la bati kichwani mwake na kumvisha komadre yake. Alilikandamiza kidogo zaidi ya lazima.

"Limekubana," alisema.

"Litazoea," Otilia alijibu. Akamgeukia mumewe. Miezi kumi na mmoja ya maji ya dungusi ilikuwa katika uso ule. "Haya, mzee. Goti vipi?"

Don Fidencio alikuwa amekwisha kusimama na kuvuta mkanda wa suruali.

"Mfalme," nesi alisema kutoka kwenye bahasha ya pili, "sita nukta tisa: don Crisóforo Utrera."

Don Crisóforo ni kinyozi wetu, mjane, msafi, mwenye manukato. Alikuja katikati ya ua na leso nyeupe mkononi, kama inavyotakiwa kwenye danzón, akainama mbele ya malkia. Aliyekuwa mfalme alipata tisa nukta nne, na nesi alikuwa na huruma ya kutosha kutoisoma, lakini karatasi ilipita mkono kwa mkono.

Otilia alimtazama Fidencio muda mrefu. Wengine waliona hasira, mimi niliona mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa. Kisha akamwekea kofia yake kichwani, akamkabidhi mkoba wake, akaenda.

Crisóforo anajua kucheza. Hakutoka nje ya kigae. Katika wimbo wa kwanza Otilia alicheza amekaza shingo kwa ajili ya taji. Katika wimbo wa pili kinyozi alimwinamia sikioni, akasema kitu.

"Anamwambia nini?" don Fidencio aliuliza kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Anamhesabia hatua," alisema Casimira, aliyekaa pembeni yake.

Otilia alicheka. Hana jino la dhahabu, lakini aliangusha kichwa nyuma, na taji likabaki palepale.

Wimbo wa tatu ulipoanza don Fidencio alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye kola. Mkoba ulikuwa ukirukaruka mapajani mwake. Alisema moyo unamwenda mbio, midomo imekufa ganzi, na kwamba hajala tangu juzi kwa ajili ya heshima ya siku. Mtu mmoja nyuma akasema apewe mkate. Casimira, ambaye bado hakuwa amekabidhi mashine, aliitoa kwenye pochi, na nesi Yesenia akaja mbio na kumtoboa kidole palepale, chini ya tangazo.

Ilikuwa mia moja na kumi na nane.